Wakuu nataka kupeleka familia kuvua samaki maji yakiwa yanajaa, tukae wapi na tuanze saa ngapi?

Baba Watatu

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa bara, Singida huko, bahari nimeijulia ukubwani na mpaka leo naiheshimu kwa mbali. Naishi Tegeta. Watoto wamefunga shule hii ya mwezi wa sita na ndani hakukaliki, wanataka kwenda kuvua samaki, sio kuogelea, KUVUA, maana huyu mkubwa (miaka 12) kaangalia video huko mtandaoni sasa kawaambukiza wenzake, wa pili ana 8 na wa mwisho ana 4. Mama yao hajui kuogelea, mimi naogelea kile cha mtoni, yani cha kujiokoa mwenyewe tu.

Boti sina na kukodi sitaki. Nimenunua mishipi miwili ya mkono Kariakoo na rodi moja ya bei chee. Kuna jamaa kazini kaniambia samaki wanakula maji yakiwa yanajaa, nikashusha app ya maji, Jumapili inaonyesha yanapwa mwisho 7:02 asubuhi mita 1.2 halafu yanajaa mwisho 13:15 mita 2.7. Sasa wazo langu ni hili, tufike mapema maji yakiwa yameenda mbali, tutembee mpaka kwenye fungu la mchanga huko mbele, tuweke viti na mwamvuli, maji yatatukuta hapohapo na samaki wake, yakifika magotini tunabeba vitu tunarudi taratibu. Mimi naona limekaa vizuri ila mama watoto kagoma, kasema nikaulize kwanza wanaojua. Nawasilisha.

kitoweo_255

Msikilize shemeji mkuu 😂 halafu weka na hela ya soko la samaki Feri mfukoni maana watoto wakirudi bila samaki hiyo kesi utaijibu wewe.

Mwana wa Ununio

Mkuu vizuri umeuliza. Hilo la viti kwenye fungu lifute, tena lifute kabisa.

Mimi nimezaliwa huku, mzee wangu alikuwa mtu wa mtumbwi, na watoto wote wa pwani jambo la kwanza tunaloonywa ni kwamba maji hayaji kwa mbele yako. Wewe umekaa pale fungu unatazama nje kwenye mawimbi unayasubiri, yenyewe yanapita pembeni yanaenda kujaza ule mkondo uliopo nyuma, kati yako na ufukwe. Fungu ndio pa juu kwa hiyo ndio la mwisho kufunikwa. Siku unaona yamelamba miguu ya kiti, huko nyuma yameshamfika mtu mzima kifuani na yanakimbia. Utamshika nani kati ya wanne? Hiyo "yakifika magotini tunarudi" ni hesabu ya ufukweni, ambako kila hatua ya kurudi unapanda. Kwenye fungu kila hatua ya kurudi unashuka kwenye kina.

Kingine, maji hayajai kwa mwendo mmoja. Kuna hesabu ya mabaharia, kimo chote kigawe sehemu 12, saa ya kwanza inapanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Chukua namba zako, kutoka 1.2 mpaka 2.7 ni mita moja na nusu. Saa ya kwanza, yani saa moja mpaka saa mbili asubuhi, yatapanda kama sentimita 12 tu, utasema mbona haya yamelala, watoto watazidi kwenda mbele. Sasa ngoja saa tatu mpaka saa tano, hayo masaa mawili peke yake yanapanda kama sentimita 75. Huyo wako wa miaka 4 ana urefu gani? Mita moja na chenji kidogo. Nadhani umenielewa. Na hiyo ni siku ya maji ya kawaida, maji ya bamvua, yale makubwa, hapa Dar yanapanda zaidi ya mita 3, hapo zidisha mara mbili.

Ila siku yenyewe umeibahatisha vizuri. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu na siku mbili tatu baada ya hapo, na Dar siku za bamvua maji yanapwa mnamo saa nne asubuhi yanajaa saa kumi jioni, kwa hiyo familia inakaa kwenye jua lote la mchana. Maji mafu ndio yale ya mwezi nusu, hayo yanajaa asubuhi saa nne hivi lakini yanasogea mita moja tu, yamepoa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, ndio maana siku chache baada ya maji mafu unapata hiyo yako, yanaanza kujaa saa moja asubuhi yanamaliza saa saba mchana, yamechangamka lakini hayana fujo. Mi na familia nachagua siku hizo tu.

Cha kufanya, kaeni ufukweni, maji yawafuate, nyie mrudi nyuma nayo. Mkifika tafuta kijiti kirefu kidogo kichomeke palepale maji yanapoishia, mpe kazi huyo wa miaka 8 awe mlinzi wa kijiti, kikizungukwa na maji anapiga kelele mnahamisha ndoo na mikoba, anachomeka kingine. Mtoto anapenda cheo, huyo hatatoka hapo.

Na huna haja ya kuwafuata samaki. Maji yakipwa wanatoka, yakijaa wanapanda nayo kuja kutafuta kaa wadogo na minyoo na kamba kwenye mchanga ambao ulikuwa mkavu masaa mawili nyuma. Chaa unamvua kwenye maji ya magotini, changu wadogo hivyohivyo, kolekole wachanga wanapita wanakimbiza dagaa mpaka unawaona. Mkizi utawaona wanaruka wengi lakini usijisumbue nao, ndoana hawaijui wale, labda waruke wenyewe wakuangukie, hasira ya mkizi furaha ya mvuvi.

Chubwi Nzito

Mwana wa Ununio umeongea vizuri ila kwenye siku sikubaliani na wewe. Samaki anataka maji yanayotembea. Bamvua ndio mambo yote, nenda saa nane mchana piga masaa mawili ya mwisho ya kujaa mpaka saa kumi, kolekole wa kweli wanaingia sio hao wa kuonjea. Na kwa hesabu yako wewe mwenyewe masaa mawili ya mwisho ni sehemu tatu tu kati ya 12, maji yameshatulia, sasa hatari iko wapi?

Mwana wa Ununio

@Chubwi Nzito kwa mtu anayejua, kweli kabisa na mimi naenda hivyohivyo nikiwa peke yangu. Lakini sehemu tatu za mita 3 bado ni sentimita 75, na saa kumi maji ya bamvua sehemu nyingi za huku yamekula ufukwe wote yanagonga kuta za watu, watoto watasimama wapi? Halafu huu ni mwezi wa sita, kusi, ule upepo wa kusini, inavuma, asubuhi ina afadhali lakini ikifika saa nane inachafua maji na mshipi wa mtoto unarudi usoni kwake. Mwezi wa kwanza wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, tungeongea mengine.

Chubwi Nzito

Kwenye kusi hapo nakupa. Ila samaki wa maana hatapata, niandike hapa.

Mwana wa Ununio

Hataki samaki wa maana, anataka watoto wanyamaze 😂

Mama Swabra

Kaka Baba Watatu msalimie sana wifi, mwambie tuko upande wake.

Hawa wamekueleza maji, mimi ngoja nikueleze miba maana wanaume hili huwa mnaliruka. Samaki wa kwanza kabisa watakaemvua watoto watamrukia kwa mikono miwili, na kama ni tasi imekula kwenu. Tasi ni mtamu sana wa kukaanga lakini miba yake mgongoni na tumboni ina sumu. Hongwe naye hivyohivyo, ule mwiba wa mgongoni na ile miwili ya pembeni. Kijana wangu alichomwa na tasi kwenye kiganja kati ya dole gumba na kidole cha shahada, tobo lenyewe dogo hata damu haikutoka ya maana, lakini mtoto alilia mpaka akawa anatetemeka na mkono ukaumuka. Wazee waliokuwepo wakaniuliza una maji ya moto? Tulikuwa na chupa ya chai, tukamimina maji kwenye kibeseni, akatumbukiza mkono, maumivu yakaanza kuachia palepale, ukiutoa yanarudi, tukakaa naye hivyo zaidi ya nusu saa tunaongeza ya moto. Ile sumu inaharibiwa na joto, na ya samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, vilevile.

Kwa hiyo beba chupa ya maji ya moto matupu mbali na ya chai, na kibeseni. Maji yawe ya moto anayoyavumilia sio yanayobabua, na uyapime kwa mkono wako wewe, usimuulize mtoto, mkono uliochomwa haujui tena moto ni upi. Baada ya hapo hospitali, hasa kama mwiba umekatikia ndani au mtoto anapumua kwa shida, hapo usisubiri hata maji kuchemka.

Viatu kila mtu avae, hata raba za zamani, sio kandambili zinavutwa na matope. Kwenye majani ya baharini kuna wale viumbe weusi wa miba mirefu, na taa hujifukia mchangani, ukitembea buruza miguu usiinue, akisikia anaondoka mwenyewe. Kofia, kanga mbili tatu za kujifunika, maji ya kunywa mengi kuliko unavyofikiria.

Na mkipata samaki anajijaza upepo anakuwa kama puto, huyo ni bunju, watoto watamfurahia sana, mrudisheni majini. Haliwi yule, sumu yake haitoki kwa kupika wala kwa kukaanga.

Baba Watatu

Aisee nashukuruni wote, nimemsomea mama watoto hapa anacheka tu haongei. Fungu nimeachana nalo. Sasa maswali yangu, moja, kama tunakaa ufukweni huo mshipi wa mkono utafika wapi, na mtoto anarushaje bila kumng'oa mwenzake jicho? Mbili, ni sehemu gani hasa, mi nilikuwa nafikiria Coco au tuvuke tukajaribu visiwani Mbudya. Tatu, vibali vipo?

Mtu wa Mjimwema

Kwenye sehemu nijibu mimi. Mbudya na Bongoyo nendeni siku nyingine mkale samaki wa kuchoma na chipsi, kuvua hapana. Vile visiwa pamoja na Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari toka 1975, hakuna kuvua, hata mshipi wa mtoto. Na huku kwetu Kigamboni visiwa vya Sinda navyo viliingizwa kwenye hifadhi baadae, watu wengi hawajui.

Coco kwa ajili hii siishauri. Ni miamba, ndoana zinanasa kila mkirusha mtamaliza pakiti ndani ya saa moja, na mawimbi yanapiga pale maji yakijaa, watu wamewahi kuzama pale, Jumapili ndio kuna umati sasa utarusha ndoana wapi. Kule mdomo wa Msimbazi upande wa Salender pia paache, maji machafu ya nusu ya jiji yanamwagikia pale.

Ningekuwa Kigamboni ningekwambia njoo Mjimwema lakini wewe upo Tegeta, uzunguke mjini mpaka darajani na watoto watatu wa nini? Ununio, Mbweni, ni hapo hapo kwako. Tafuta sehemu ya mchanga yenye mteremko wa taratibu, karibu na mikoko lakini sio ndani ya mikoko. Kama kuna kijito kinaingia baharini kaa upande mmoja, usivuke kwenda ng'ambo hata kama sasa hivi kinavukika kwa kandambili, ni habari ileile ya fungu.

Vibali, mimi na rodi yangu ufukweni hajawahi kunisumbua mtu ila kila nikienda sehemu mpya napita kwanza kwa watu wa BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia ufukwe na uvuvi, nasalimia, nasema nimekuja na familia tuna mishipi mitatu. Watakwambia kila kitu hapo, na kama kuna utaratibu wa kufuata wao ndio wanaujua. Ila usije ukashawishika na kipande cha wavu wa kukokota hata kama ni kwa utani, kokoro lilishapigwa marufuku.

Jumamosi usiku angalia utabiri wa bahari wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha. Watoto watanuna, watasahau.

Mwana wa Ununio

Swali la mshipi, huo wa mkono unatosha kabisa na kwa watoto ni bora kuliko rodi. Uzungushie kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita, mita 30 hivi inatosha, ncha ya ndani uifunge vizuri shingoni kwa chupa la sivyo mtoto atarusha mshipi wote uende zake. Mwisho wa mshipi funga chubwi, yani kile kizito cha kuzamisha, kama huna, nati nzito au plagi mbovu ya pikipiki inafanya kazi. Juu ya chubwi kama shibiri moja toa kitawi kifupi cha kidole kimoja weka ndoana, shibiri nyingine juu weka ya pili, basi, usiweke tano. Ndoana ziwe ndogo, na kumbuka namba kubwa ndio ndoana ndogo, watu wa bara hapa mnanunua ndoana za papa mnakuja kuvulia chaa. Chambo kikate kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba la huyo wa miaka 8, kamba umenye ganda kwanza, ingiza ndoana mpaka ncha ichungulie kidogo.

Kurusha: chupa mkono wa kushoto, mdomo wa chupa uelekee baharini ili mshipi ujifungue wenyewe bila kushikwa. Mkono wa kulia shika mshipi kama mita moja juu ya chubwi, zungusha PEMBENI mwa mwili, sio juu ya kichwa, mara mbili tatu, achia ikiwa inapanda. Mwenzake yeyote asiwe karibu ya hatua kumi. Wa miaka 4 asirushe, rusha wewe umpe ashike, mshipi upite juu ya kidole cha shahada, mwambie ukisikia tik tik usivute, akivuta mara moja ya nguvu ndio uvute. Atavuta ya kwanza tu, lakini mwambie hivyohivyo.

Maji yakiwa yanajaa hata ukirusha mita kumi tu upo ndani ya samaki. Kosa la wageni ni kuingia mpaka kiunoni ili warushe mbali, wakati samaki wapo nyuma yao.

Mshipi uliokatika usiuache hapo, unawanasa ndege na kasa. Na samaki wadogo wa ukubwa wa kidole gumba rudisheni majini, mkono uloweshe kwanza kabla hujamshika.

Mama Swabra

Naongezea hapo, mtu mzima mmoja asishike mshipi kabisa. Kazi yake ni kuhesabu vichwa. Nyie wanaume samaki akidonoa mnasahau hata majina ya watoto. Na huyo wa miaka 4 laifu jaketi avae toka anashuka kwenye gari, sio puto la kuvaa mikononi, lile ni la kuchezea.

kitoweo_255

Kwa hiyo wifi ndio refa 😂

Mama Swabra

Wifi au yeye, wapokezane. Na yeye akivua.

Baba Watatu

Kasema yeye anavua kwanza, mimi ndio nihesabu vichwa 🙌

Basi mpango ni huu, Jumapili saa moja kasoro tunatoka Tegeta, tunapita kwa BMU Ununio tunasalimia, saa mbili tuko tayari, saa nne na nusu hivi kama jua limekuwa kali tunafunga hata kama samaki wanakula. Laifu jaketi kuna jirani anazo mbili za watoto. Kitu kimoja kimebaki, chambo, hao kamba ninunue supamaketi wale wa kugandishwa?

Mtu wa Mjimwema

Usinunue wa supamaketi, bei ya kula hiyo, na wakiyeyuka wanalegea, ukirusha chambo kinaenda upande wake ndoana upande wake. Jumamosi jioni shuka soko la samaki Kunduchi waambie unataka kamba wa chambo, wale wadogo waliokatika vichwa, watakutolea kwa bei ya chini. Osha kidogo na maji ya chumvi, wamenye, nyunyizia chumvi ya mawe ya kutosha, weka kwenye kopo la mfuniko ndani ya friji, asubuhi wamekaza wanashika ndoana vizuri. Ukipata na ngisi hata mmoja mkate vijiti vyembamba, ngisi hachomoki hata samaki wadogo wakimdonoadonoa, huyo ndio wa kumwekea mtoto asiyetaka kuvutavuta mshipi kila dakika.

Chubwi Nzito

Ngisi mmoja utanikumbuka. Na mwezi ukiwa mpevu acha familia nyumbani nicheki inbox.